Uji wa Kijani

Mke wangu alitaka tupande ukoka kwa mkono: unapanga vipande, unamwagilia, unasubiri. Nikamwambia hayo mambo yamepitwa na wakati, siku hizi nyasi zinapigwa kwa pampu. Nilikuwa nimetazama video mbili, kwa hiyo nilikuwa mtaalamu.

Nikamweleza. Kwenye tangi unatia maji, mbegu, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi iliyosagwa ziwe matandazo, na gundi kidogo ili vyote ving'ang'anie udongo. Vikishachanganyika vinakuwa uji, unaurusha kwa mpira. Ukijani wake ni rangi tu, inatiwa ili mrushaji aone alipopita na alipoparuka. Nikaongeza kwamba Wamarekani walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1950 kwenye kingo za barabara kuu, kule ambako mtu akisimama na jembe anaporomoka nalo.

"Sisi tuna kingo?"

"Hatuna."

"Uwanja wetu una mteremko?"

"Hauna."

Akaingia ndani.

Kutifua udongo na kuokota mawe kulinila Jumamosi mbili, na mgongo. Hayo tuyaache.

Mwenye pampu ya kukodi alinipa masharti matatu. Uji ukorogwe bila kupumzika. Usilale ndani ya tangi, maana mbegu zitaanza kuvimba humohumo. Na nikishanyunyiza, mtu asikanyage. Nikaitikia kila sharti kwa kichwa, kama bwana harusi.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kupiga mluzi. Kisha simu ikaita. Nikazima pampu na kikorogeo, nikaongea dakika ishirini. Kumbe huku nyuma zile nyuzi zinatua taratibu chini ya tangi, zinajipanga, zinakuwa godoro. Nilipowasha tena, mpira ulitema maji meupe, ukakohoa, ukanyamaza. Pampu inanguruma, mpira umekakamaa kama fimbo, mdomoni hakitoki kitu.

Mtu mwenye akili angezima pampu. Mimi nikaufungua ule mdomo.

Kilichotokea hapo sikukiona vizuri kwa sababu macho yangu yalikuwa ya kwanza kupandwa. Mpira uliniponyoka ukaanza kucheza peke yake. Ukapiga ukuta, ukapiga dirisha, ukapanda juu ya uzio na kuzisalimia shuka za jirani zilizokuwa kambani. Mke wangu akatoka kuuliza kuna nini, akajibiwa kifuani.

Pampu ilikuwa upande wa pili, na katikati yetu kuna ile nusu niliyokwisha kuinyunyiza. Nikakumbuka sharti la tatu. Kwa hiyo nikakimbia kwa ncha za vidole, mikono juu, kama mwizi wa kuku. Hatua kumi na nne. Najua idadi kwa sababu baadaye nilizihesabu mara nyingi.

Nilipozima, uso wa mzee jirani ulikuwa juu ya uzio. Nusu yake ya kijani.

"Kijana, hii ni dawa ya nini?"

"Ya nyasi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sina nyasi."

"Utakuwa nazo."

Shuka nilizifua mwenyewe palepale, kabla gundi haijakauka, mama wa nyumba ya jirani akiwa amenisimamia, mikono kiunoni. Zilitakata. Ndevu zangu hazikutakata, na Jumatatu nilikwenda kazini hivyohivyo. Bosi alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Kazi ya kumwagilia ikaanza. Hapa ndipo video hazisemi ukweli wote: ni maji kidogo kidogo, mara tatu nne kwa siku, udongo usikauke wala usifurike, maana ukimimina kwa nguvu mbegu zinasafiri. Nikawa naamka alfajiri kuurushia maji uwanja usiosema lolote. Siku ya tano, kimya. Siku ya sita, kimya. Mke wangu hakusema neno, na hilo lilinitisha zaidi.

Siku ya saba akaniita. "Baba, njoo uone. Zimeota."

Nikatoka mbio. Uwanja mtupu. Akanionyesha ukutani, pale nilipovua viatu siku ile, vimejaa uji mpaka kwenye kamba, na ambapo kila alfajiri mvua yangu ilikuwa ikivifikia bila mimi kujua. Viatu vyote viwili vilikuwa vimeota nyasi laini, nzito, zimesimama sawasawa. Mzee jirani naye akapaza sauti kwamba kwenye mfereji wa paa lake kuna kitu.

Uwanja ulifuata wiki iliyofuata, ukapendeza, isipokuwa mahali kumi na nne ambapo vidole vyangu vimeandikwa waziwazi hadi leo. Wageni huuliza ni mnyama gani.

Viatu ndivyo vilivyotangulia kufika sentimita nane, kimo cha kukatwa. Nikamweleza mke wangu kuwa usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Akaingia ndani, akarudi na mkasi wa kucha, akaniambia nianze na cha kushoto, kile kina kivuli.