Aretha Franklin na nyimbo za wenzake

Mjadala kuhusu Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa soul, ukishakolea, hakosi mtu wa kuuliza: nyimbo zake kubwa alizitunga nani? Jibu halimfurahishi shabiki. "Respect" ni ya mwimbaji mwenzake Otis Redding. "A Natural Woman" ni ya Carole King na Gerry Goffin, na mtayarishaji Jerry Wexler aliandikwa mtunzi wa tatu kwa sababu ndiye aliyetoa wazo la jina la wimbo. "Chain of Fools" ni ya Don Covay. "I Say a Little Prayer" ilikuwa imeshaimbwa na Dionne Warwick. Basi wapo wanaohitimisha kwamba malkia wa soul alikuwa koo la ajabu tu, na kwamba tukimpa sifa ya kuubadilisha muziki wa Marekani tunamvisha joho la watunzi.

Hoja hiyo ina mashiko kuliko mashabiki wanavyokubali. Ila tuipime kwa wimbo wenyewe.

Redding alirekodi "Respect" mwaka 1965. Ndani yake mwanamume anarudi nyumbani na pesa zake na anadai aheshimiwe. Ni wimbo wa mbio, mzuri, wala hauna sehemu ya kati ya kupumulia. Aretha aliuingiza studioni New York tarehe 14 Februari 1967, mwenyewe akiwa kwenye piano. Pale palipokosa sehemu ya kati pakawekwa saksafoni ya King Curtis, juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilizoazimwa kutoka wimbo wa Sam na Dave. Waitikiaji, akiwemo mdogo wake Carolyn, wakapewa kazi ya kujibizana naye badala ya kupamba tu. Kisha muziki unakatika ghafla, naye anataja herufi za neno "respect" moja moja. Kwa Redding hakuna herufi hizo. Na anayedai heshima sasa ni mwanamke, tena anayesema wazi kwamba pesa hata yeye anazo.

Juni 1967 wimbo ulishika namba moja Marekani. Mwezi huohuo Redding alipanda jukwaani Monterey, California, akawatania watazamaji kwamba wimbo unaofuata kuna msichana, rafiki yake, aliyemchukulia. Ulikuwa utani, ila alichosema ni kweli. Wanawake waliokuwa wakipigania haki zao na Wamarekani weusi waliokuwa barabarani waliushika wimbo huo kwa maneno na mdundo wa Aretha. Msomaji aliyekulia kwenye taarab hatashangaa: mshairi huandika, mwingine akatia sauti, na mtaani wimbo ukaitwa wa Bi fulani.

Hapa ndipo mtetezi wa Aretha husema: kupanga muziki upya kiasi hicho ni kutunga, basi aandikwe mtunzi. Nilikuwa karibu kukubaliana naye, ila kuna kikwazo kimoja. Wimbo uliomfungulia milango, "I Never Loved a Man", ulirekodiwa Januari 1967 kwenye studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama. Wanamuziki walizunguka na wimbo bila kupata pa kuanzia, mpaka mpiga kinanda Spooner Oldham alipobonyeza kwenye piano ya umeme kile kipande kinachosikika mwanzoni. Vyote vilivyofuata vilisimama juu yake. Oldham hajaandikwa mtunzi wa wimbo ule. Kama kuupanga wimbo ni kuutunga, mlango huo ukifunguliwa kwa Aretha hauwezi kufungwa mbele ya Oldham, ya King Curtis, wala ya Carolyn. Tungepata watunzi kumi kwa kila wimbo, na mawakili wengi zaidi.

Wanaomwita sauti tu, hata hivyo, huruka mambo mawili. La kwanza, aliandika. "Think" ya 1968 alisajiliwa mtunzi pamoja na mumewe wa wakati huo, Ted White. "Rock Steady" na "Day Dreaming" ni zake. La pili ni piano. Kampuni ya kurekodi ya Columbia ilimsajili mwaka 1960 akiwa na miaka 18, ikamrekodi kwa takriban miaka sita: jazi, nyimbo za majumba ya starehe, vinanda na fidla nyingi. Wapo wanaoiita miaka iliyopotea. Mimi naona kali mno, maana kule ndiko alikojifunza kubeba wimbo wa mtu mwingine bila kuuogopa. Kilichokosekana kilikuwa kundi linalomfuata yeye. Alipohamia kampuni ya Atlantic, Wexler alimrudisha kwenye piano na kumwacha apige alivyozoea katika kanisa la baba yake, New Bethel la Detroit, alikokuwa mchungaji C. L. Franklin. Anayepiga piano huku akiimba ndiye anayeamua kasi, mahali pa kusubiri na mahali pa kupasuka. Bendi nzima inamsikiliza yeye.

Upande mmoja nawapa wakosoaji bila ubishi. Kilele chake kilikuwa kifupi. Kati ya 1967 na 1972 alitoa karibu kila kitu kinachomfanya ajadiliwe leo, akifunga na albamu ya "Amazing Grace", iliyorekodiwa kwa usiku mbili Januari 1972 katika kanisa moja la Los Angeles akiwa na mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Miaka ya themanini, akiwa kampuni ya Arista, alipata nyimbo za kuchezeka na hata namba moja pamoja na George Michael mwaka 1987, lakini nyingi zingeweza kuimbwa na mtu mwingine na dunia isishtuke. Hofu ya ndege nayo ilimfungia Marekani, akawa anasafiri kwa basi. Tuzo 18 za Grammy zinaficha kwamba nane alizipata mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1975, katika kundi lilelile moja.

Kuhusu athari, nina shaka na zile orodha za kusema fulani na fulani ni watoto wake. Whitney Houston, sawa: mama yake, Cissy, alikuwa akimwitikia Aretha studioni. Lakini sehemu kubwa ya kilichorithiwa, hasa kwenye mashindano ya kuimba ya televisheni, ni madoido: silabi moja kuzungushwa noti kumi. Sikiliza beti za "I Never Loved a Man". Anaimba chini, karibu anazungumza, kelele anaitunza hadi ina kazi. Wanaomwiga huanzia pale yeye alipofikia dakika ya tatu.

Swali la nani mwenye wimbo lingebaki la vijiweni kama lisingegusa mfuko. Nchini Marekani redio za kawaida humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji na wapigaji hawapati kitu. Marekani haimo hata katika Mkataba wa Roma wa 1961 unaowalinda waimbaji. Kwa nusu karne "Respect" ya Aretha ilipopigwa redioni, mrabaha ulikwenda upande wa Redding.

Kabla ya kuona dhuluma tupu, tukumbuke kwamba Redding alikufa katika ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na miaka 26, akaacha mjane na watoto wadogo. Mrabaha wa wimbo ni miongoni mwa urithi aliowaachia. Vituo vya redio navyo vina jibu la zamani: tunakutangaza bure, wewe unauza santuri na tiketi. Aretha kweli aliuza, na alijulikana kwa kutaka alipwe taslimu kabla ya kupanda jukwaani, mkoba akiuweka juu ya piano auone. Lakini hoja ya matangazo ya bure ilitegemea watu kununua santuri, nao hawanunui tena.

Ndiyo maana sioni haja ya kumpokonya Redding jina lake. Kinachodaiwa ni malipo ya pili, kando ya yale ya mtunzi, kwa waliomo ndani ya rekodi, na hapo Oldham naye angepata chake. Mwaka 2014 wabunge walipeleka mswada uliopewa jina lililofupishwa likasomeka RESPECT, ili rekodi za kabla ya 1972 zilipiwe na huduma za kidijitali. Haukupita. Kanuni hiyo iliingia katika sheria iliyotiwa saini Oktoba 2018, miezi miwili hivi baada ya Aretha kufariki Detroit. Redio za kawaida hazikuguswa.