Sam Walipovamia Somo la Barafu

Mwalimu mkuu wa shule moja karibu na ufuo wa Kisumu alitaka picha zionekane vizuri, basi akachagua usiku wa giza totoro, mwezi ndio kwanza unaandama. Shuka jeupe likatundikwa uwanjani, projekta ikawekwa mezani, wazazi na watoto wakajaa nyasini. Mada yangu: wadudu wa barafu inayoyeyuka.

Sasa, sam wa Ziwa Victoria, wale wadudu wadogo wenye mbawa wanaofanana na mbu, hutoka majini kwa wingi hasa nyakati hizo za mwezi mwandamo. Mabuu ya Chaoborus, aina mojawapo ya sam, hushinda kwenye tope mchana, usiku yakapanda kutafuta chakula. Yakishageuka bundo, hatua ya kabla ya mdudu kamili, huelea hadi juu, gamba hupasuka, mdudu akaruka. Akiona taa, haulizi ni ya nani. Na shuka jeupe lililomulikwa ndio mtego wenyewe wa wakusanyaji wadudu!

Nikaanza na Diamesa, mdudu wa barafu ya Yala, Nepal, aliyetangazwa na mtafiti Shiro Kohshima mwaka 1984. Huyu hutembea juu ya theluji hata katika baridi ya nyuzi 16 chini ya sifuri, na mabuu yake hula mwani na bakteria kwenye vijito vya maji yaliyoyeyuka ndani ya barafu.

"Tazameni, hawezi kuruka," nikasema.

Picha ikaruka.

"Mwalimu, mbona ana mbawa?" mtoto akauliza. Nikafungua kinywa nimjibu kwamba hao ni sam, na kwamba baadhi yao ni wa ukoo mmoja na Diamesa. Nikameza ukoo. Hawaumi, hilo nathibitisha, ila wanakwaruza koo.

Projekta nayo ikazimika. Feni yake huvuta hewa kupitia kichujio. Sam wakiziba matundu, joto hupanda, mashine ikajizima kujiokoa. Hapo huchomolewa waya, mashine ikaachwa ipoe, kichujio kikatolewa na kusuguliwa kwa brashi kavu. Bawabu, kwa moyo wake mwema, alikuwa ameshakipangusa kwa kitambaa kibichi. Ukawa uji mzito wa kijivu, umeingia kila tundu.

Tukahamia mbinu ya chambo: taa kali nyeupe umbali wa mita 20 upande wa ziwa, na chini yake beseni la maji yenye matone machache ya sabuni. Sabuni hulegeza uso wa maji, mdudu akitua anazama badala ya kuelea. Taa nyingine zote huzimwa. Ikibidi moja ibaki ikiwaka karibu na watu, iwe ya manjano, maana hiyo huwavuta kidogo tu. Muda si muda beseni likawa jeusi.

Nyanya mmoja akaja na sufuria yake, akainama, akanusa. Kando ya ziwa hili sam hukaushwa, wakasagwa, wakaliwa.

"Nani huyu," akaniuliza, "ametia Omo kwenye mboga?"