Zawadi ya nafaka ipimwe ghalani, si bandarini

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema nafaka na mbolea wanazogawa Urusi na Ukraine barani Afrika ni "propaganda tu". Hapo amerahisisha mno. Julai 17, 2023 Urusi ilijitoa kwenye mkataba wa nafaka wa Bahari Nyeusi, ulioruhusu meli kutoa nafaka Ukraine wakati wa vita. Siku 10 baadaye, St Petersburg, ikaahidi nchi sita za Afrika tani 25,000 hadi 50,000 kila moja, bure. Ngano ya Ukraine ilishatangulia, ingawa hiyo ilinunuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP): Agosti 2022 meli Brave Commander ilipakia tani 23,000 za kupeleka Ethiopia, kupitia Djibouti.

Kazi ni baada ya meli kushusha mzigo. Hapa Kigoma, tunaoona mizigo ya Burundi na Kongo, hesabu hiyo tunaijua. Tani 20,000 za mbolea ya Urusi walizopewa Malawi ni mifuko 400,000 ya kilo 50, yaani safari zaidi ya 660 za lori la tani 30 kutoka bandari ya Beira, Msumbiji. Nauli isipolipwa mapema, mbolea inavuta unyevu na kuganda ghalani. Na hiyo ya Malawi ilikwama kwanza Uholanzi, ikakabidhiwa Machi 2023, wakati mahindi huko hupandwa kuanzia Novemba. Picha za balozi zilipendeza, lakini!