Mji wa bustani ulisafiri, mkataba wake wa ardhi ukaachwa

Ebenezer Howard, Mwingereza aliyebuni wazo la mji wa bustani, hakuwa msanifu majengo wala mhandisi. Ujanani alikwenda Marekani kujaribu kilimo huko Nebraska, kikamshinda, akahamia Chicago kwa miaka michache, kisha akarudi Uingereza na kufanya kazi ya hati mkato, akiandika mijadala ya Bunge. Kitabu chake cha 1898 kilipendekeza mji wa watu 32,000 kwenye ekari 6,000: ekari 1,000 za makazi na kazi, zilizobaki mashamba ya kuuzunguka.

Wengi wanakumbuka mashamba na miti. Kwangu mimi kiini cha wazo lile kilikuwa ardhi. Ardhi yote ingekuwa mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya wakazi, na kila mtu angelipa kodi ya pango. Watu wakihamia, thamani ya viwanja hupanda. Ongezeko hilo lingelipa kwanza deni la kununulia ardhi, kisha lingebaki kuhudumia mji, hadi pensheni za wazee. Letchworth huko Uingereza, mji wa kwanza wa aina hiyo, ulipoanza mwaka 1903, gawio la wanahisa wa kampuni iliyoshika ardhi yake liliwekewa kikomo cha asilimia 5.

Wageni wakamiminika kuutazama, na wengi waliondoka na kile kinachoonekana kwa macho: barabara zilizopinda, nyasi mbele ya nyumba, paa zenye mteremko mkali. Vitabu vya hesabu havipigwi picha.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa São Paulo. Barry Parker, aliyeichora Letchworth pamoja na Raymond Unwin, alikwenda Brazil mwaka 1917 kufanya kazi kwa kampuni binafsi ya viwanja, na akashughulikia kitongoji cha Jardim América. Mchoraji ni yuleyule, na ufundi wake haukupungua hata kidogo. Lakini viwanja viliuzwa kimoja kimoja kwa wenye uwezo, na thamani ilipopanda ikawa mali ya aliyenunua. Hadi leo ni mtaa wa matajiri.

Japani nako, kampuni aliyoianzisha Shibusawa Eiichi mwaka 1918 ilijenga Den-en-chofu, yenye barabara zinazotawanyika kwa nusu duara kutoka kituo cha treni. Panapendeza sana. Ila mji wa Howard ulikusudiwa kuwa na viwanda na kazi zake wenyewe, na hapa mkazi alipanda treni kwenda kazini Tokyo.

Afrika Kusini ndiko wazo lilikopinduliwa kabisa. Pinelands, ulioanzishwa Cape Town mwaka 1919, ulijiita mji wa bustani na ukawa makazi ya Wazungu tu, jirani na Ndabeni, walikokuwa wamehamishiwa Waafrika tangu 1901 kwa kisingizio cha tauni.

Najua jibu la wataalamu: wazo likifika ugenini lazima libadilike. Nakubali, na Radburn ya New Jersey ni ushahidi mzuri. Mwaka 1929 Clarence Stein na Henry Wright waliona magari yamekuwa mengi, wakatenganisha njia za waenda kwa miguu na barabara, hata mtoto akaweza kupita chini ya daraja kwenda shule. Walilijibu tatizo ambalo Howard hakulikuta. Kubadili anayefaidika na ardhi ni jambo jingine kabisa, na naona si haki kuliita marekebisho ya kitaalamu.

Hata kwao Uingereza mkataba ule haukujilinda wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya nje ilinunua hisa za kutosha kuimiliki ile iliyoshika ardhi ya Letchworth, wakazi wakapambana, na mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuirudisha ardhi kwa shirika la umma. Leo inashikiliwa na taasisi ya hisani, na mapato yake bado yanarudi mjini. Mpangaji miji anayekwenda Letchworth kujifunza aanzie kwenye sheria hiyo, kisha ndipo akatembee mitaani.