Njia Nyeupe: mikono miwili au minne?

Mwaka 2008, takwimu za darubini ya anga ya Spitzer ziliwafanya wanaastronomia watangaze kuwa galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina mikono mikuu (mikanda ya nyota na gesi inayojipinda kutoka katikati) miwili tu, Scutum-Centaurus na Perseus. Mwaka 2013 kundi la mwanaastronomia James Urquhart likachora nyota changa kubwa takriban 1,650, na mikono ikarudi kuwa minne.

Kwa kweli hakuna aliyekosea, maana hawakuhesabu kitu kimoja. Spitzer ilihesabu majitu mekundu, nyota kongwe zilizozunguka galaksi mara nyingi na kutawanyika. Kundi la Urquhart lilihesabu nyota changa kubwa. Iliyo kubwa kabisa, ya aina ya O, yenye joto la uso linalozidi nyuzi 30,000, huishi miaka milioni chache tu, hivyo hufa jirani na ilipozaliwa. Anayetaka kujua nyota zinazaliwa wapi afuate minne.

Ila ramani ya minne ina donda lake: umbali. Nyota nyingi za 2013 zilipewa umbali kwa kupima kasi ya gesi na kuilinganisha na mzunguko wa galaksi. Kwa zilizo karibu na kitovu cha galaksi kuliko Jua, kasi moja hutoa majibu mawili, la karibu na la mbali. Hapo hutazamwa hidrojeni kwenye wimbi la sentimita 21. Wingu la gesi lenye nyota hiyo likiwa karibu, hidrojeni yake baridi hufyonza mawimbi ya hidrojeni vuguvugu iliyo nyuma yake yenye kasi ileile, na grafu ya mawimbi hayo inabonyea. Likiwa mbali, halibonyezi kitu. Bonyeo likiwa hafifu, mchoraji anaweza kuihamishia nyota upande wa pili wa galaksi, na hapo ndipo mikono ya kwenye karatasi tu huzaliwa.

Paralaksi, yaani kupima umbali kwa jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia inapozunguka Jua, haihitaji kukisia mzunguko wa galaksi. Darubini ya anga ya Gaia iliipima vizuri, lakini kwa mwanga unaozuiwa na vumbi, kwa hiyo inatufaa zaidi jirani na Jua. Mawimbi ya redio hupenya vumbi: kufikia 2019, vipimo vya meza (maser, vyanzo vya asili vya mawimbi makali ya redio) takriban 200 kutoka mitandao ya antena za redio, VLBA ya Marekani na VERA ya Japani, viliunga mkono minne. Hata hivyo meza moja ya upande wa mbali, iliyopimwa 2017 kwa miaka ya nuru kama 66,000, ina kosa la takriban 8,000, pana kuliko mkono wenyewe. Tena antena hizo zote ziko kaskazini mwa ikweta. Sehemu kubwa ya mikono ya anga la kusini imechorwa kwa kurefusha mistari, kazi inayosubiri antena za Australia.