Mkono wa Msaidizi katika Kazi ya Msanii Mwenye Ulemavu wa Akili

Mwaka 2025 Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, ilitolewa kwa Nnena Kalu, msanii mwenye usonji na ulemavu wa akili, ambaye huzungumza kwa maneno machache sana. Maumbo yake makubwa yanayoning'inia, aliyoyazungushia vitambaa, kamba na kanda za video, ni kazi ya mikono yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi wasaidizi wa shirika la ActionSpace la London wamekuwa wakimwandalia vifaa na kumsemea mbele ya wenye majumba ya maonyesho. Ushindi huo umeamsha upya swali la nani mwenye kazi pale msanii wa namna hii anaposhirikiana na asiye na ulemavu.

Wanaotahadharisha dhidi ya ushirikiano huo wana hoja nzito, kwa kuwa aliyesomea sanaa huja na lugha, jina na marafiki sokoni, na mwenzake anaweza kugeuzwa malighafi yake. Ndiyo maana kituo cha wasanii wenye ulemavu cha Creative Growth huko Oakland, California, kilichoanzishwa mwaka 1974, huepuka kumfundisha msanii namna ya kuchora. Judith Scott, kiziwi asiyesema na mwenye hali ya Down (ulemavu wa kuzaliwa nao unaoathiri akili na mwili), alifika hapo mwaka 1987 baada ya kuishi takriban miaka 35 katika taasisi za wenye ulemavu. Akaanza kuviringisha nyuzi juu ya vitu alivyojichukulia bila kuelekezwa na mtu, na leo sanamu zake zimo katika makumbusho makubwa.

Lakini hata yeye hakuwa peke yake, kwani kuna aliyemletea nyuzi na aliyekataa kumnyang'anya vile vitu. Naona kwamba wanaodai msaidizi asiguse kabisa wanawatwisha wasanii hawa sharti ambalo hatumtwishi mchongaji maarufu, ambaye sanamu zake za shaba humiminwa na mafundi wengine na jina likabaki lake.

Huko Vielsalm, Ubelgiji, karakana ya La "S" Grand Atelier imewaketisha wachoraji wa hadithi za picha pamoja na wasanii wenye ulemavu wa akili ili watunge kazi moja. Njia hiyo naikubali pale tu ambapo kukataa kwa msanii kuna uzito: akiisukuma karatasi kando, kazi ikome, akiufunika mstari wa mwenzake kwa rangi, ubaki umefunikwa. Sahihi ya mlezi kwenye fomu haitoshi, maana ridhaa ya asiyesema husomwa upya kila siku katika mwenendo wake. Maelezo ya ukutani nayo yataje majina yote mawili na nani alifanya nini, na mgawanyo wa fedha uandikwe kabla mnunuzi hajapatikana.