Anayenunua Ndege Arusha Aanze na Viwanja Atakavyotua

Wafanyabiashara wa utalii hapa Arusha wanapozungumzia kununua ndege ya pangaboi yenye injini mbili, jina linalotajwa mapema ni King Air, na sababu zao zinaeleweka. King Air B200 hudhibiti shinikizo la hewa ndani yake, viti vyake ni vya heshima, na mwendo wake hukaribia kilomita 530 kwa saa. Twin Otter, mshindani wake mwenye injini mbili pia, haina udhibiti huo wa hewa, magurudumu yake hayakunjwi, ina kelele, na kwa kawaida husafiri chini ya kilomita 320 kwa saa. Pamoja na hayo, kwa mtu ambaye kazi yake itakuwa kupeleka wageni Serengeti kutoka Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, ningemshauri achukue Twin Otter.

Mwendo ndio unaowavuta wengi. Kutoka Kisongo hadi kiwanja cha Seronera, ndani ya Serengeti, ni takribani kilomita 220 kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo tofauti ya ndege hizi mbili ni dakika ishirini hivi, ambazo wageni huzimaliza wakisubiri mabegi yao yapakiwe kwenye gari. Anayehamisha wagonjwa, au anayekwenda Dar es Salaam kila wiki, hesabu yake ni nyingine, naye achukue King Air bila kusita.

Viwanja vingi vya mbugani ni vya changarawe. Bawa la King Air liko chini ya kiwiliwili, hivyo mapanga yake huzunguka karibu na ardhi, ilhali injini za Twin Otter zimening'inia kwenye bawa la juu. Mnunuzi apitishe ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, hasa kuelekea nchani: vijishimo atakavyovigusa ni alama za mawe, na kila fundi anapovisawazisha kwa tupa, panga hupungua kidogo, hadi siku linapotakiwa kubadilishwa. King Air iliyofungwa matairi mapana hutua kwenye changarawe, sikatai, lakini gharama hiyo haimo katika bei anayotajiwa mnunuzi.

Jambo zito zaidi ni mwinuko. Kisongo kiko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na mchana wenye joto la nyuzi 28 ndege hufanya kazi kana kwamba iko zaidi ya mita 2,100, kwa kuwa hewa imekuwa nyepesi. Injini ya pili hununuliwa kwa ajili ya dakika ile ambayo ya kwanza imezimika mara baada ya kuruka, na katika hewa ya namna hiyo si kila ndege ya injini mbili iliyojaa itaendelea kupanda vizuri kwa injini moja, Twin Otter ikiwemo. Kwa hiyo muuzaji aombwe kufungua mwongozo wa ndege kwenye jedwali la kupanda kwa injini moja, asome mstari wa mwinuko wa futi 5,000 na joto la nyuzi 30, kisha aseme ni abiria wangapi ambao ndege bado itaweza kuwabeba. Viti 19 vya Twin Otter vya kwenye tangazo vinaweza kupungua sana.

L-410 ya Ucheki na Dornier 228 ya Ujerumani ni ndege imara, nazo hubeba abiria 19. Tatizo langu nazo ni ufundi. King Air na Twin Otter hutumia injini za PT6, jamii ileile iliyomo kwenye Cessna Caravan, ambazo mafundi wetu huzishughulikia kila siku. (Mwenye abiria wachache, kwa kweli, afikirie Caravan yenyewe kwanza, kwani ina injini moja, na injini moja ni ovaholi moja, yaani ukarabati mkubwa mmoja.) Dornier huja na injini ya TPE331, inayosifika kwa kubana mafuta, lakini kuwapata hapa mafundi na vipuri vyake ni kazi nyingine.

Utengenezaji wa Twin Otter ulisimama mwaka 1988, ukarejeshwa baadaye na kampuni ya Viking ya Kanada, iliyokabidhi ndege mpya ya kwanza mwaka 2010, kwa hiyo nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za zamani. Mabawa yake yana ukomo unaohesabiwa kwa saa na pia kwa idadi ya safari, na ndege iliyofanya safari fupifupi huumaliza ule wa pili kwanza. Muuzaji anayetaja saa pekee aombwe kitabu cha kumbukumbu chenye idadi ya kutua, na malipo ya awali yasubiri hadi kitabu hicho kisomwe na fundi aliyeajiriwa na mnunuzi mwenyewe.